Anza na Mkono wa Anayefungua: Kwa Mafundi Wapya wa Vifaa vya Wadi

Vijana wanaoingia karakana za hospitali hapa Mombasa, wakitoka Chuo Kikuu cha Kiufundi, KMTC (chuo cha mafunzo ya tiba) au kwa mafundi wa mtaani, hukabidhiwa mapema kazi ambayo darasani haikutajwa: kutengeneza mahali pa kufungia mikanda ya kumzuia mgonjwa kitandani. Ni pete, au sahani yenye tundu, au kishikio chini ya kitanda. Ukikiangalia juu ya benchi ni kipande kidogo cha chuma. Nimeifanya kazi hii muda mrefu na nawaomba muipe uzito kuliko kazi nyingine yoyote ya chuma katika jengo lile, kwa sababu upande wa pili wa kipande hicho yuko mtu asiyeweza kuondoka.

Kumfunga mgonjwa ni hatua ya mwisho, baada ya maneno, dawa na subira kushindwa, na uamuzi huo ni wa daktari na wauguzi. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 28, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake, na Ibara ya 29 inakataza kumtendea mtu kikatili au kwa kumdhalilisha. Aliyefungwa kitandani hajapoteza haki hizo. Mwaka 1998 gazeti la Hartford Courant la Marekani lilihesabu vifo 142 vilivyotokea katika muda wa miaka 10 kwa watu waliofungwa, kushikwa kwa nguvu au kufungiwa peke yao, na kukosa hewa kulikuwa miongoni mwa sababu. Wewe hukuamua afungwe, sawa. Lakini muda utakaopita kati ya muuguzi kuona uso umebadilika rangi na mkanda kuachia, huo umeuamua wewe kwenye benchi.

Kwa hiyo swali la kwanza si kilo ngapi kitabeba. Jiulize: muuguzi mmoja, usiku, umeme umekatika, glavu zimelowa, mgonjwa anavuta kwa nguvu zake zote. Je, atafungua kwa mkono mmoja? Bizimu nyingi hufunguka vizuri mkanda ukiwa umelegea, lakini ukivutwa meno hukaza na hapo huwezi kitu. Lijaribu likiwa limebeba mzigo. Ning'iniza mfuko wa mchanga kwenye mkanda, ukaze kabisa, kisha mpe mtu ambaye hakukitengeneza akifungue bila kumwelekeza. Kama mkanda ni wa kufungwa kwa fundo, tundu lako liache nafasi ya fundo linaloachia kwa kuvuta ncha moja. Kufuli ya kawaida isitumike hata kidogo. Pakihitajika ufunguo, uwe wa aina moja kwa wadi nzima na kila muuguzi wa zamu awe nao mwilini.

Sasa kitanda chenyewe, na hapa ndipo ninapoona kazi nyingi zikiharibika. Vitanda vingi vya wadi vina fremu mbili: ya chini yenye magurudumu, na ya juu inayobeba godoro, ambayo huinuliwa upande wa kichwa au wa magoti. Ukishika mkanda wa kifua kwenye fremu ya chini, basi mgonjwa akiinuliwa ili ale, mwili unapanda na mkanda haupandi. Unamkaza bila mtu yeyote kuugusa. Mahali pa kushikia pawe kwenye sehemu ile ile inayosogea pamoja na kiungo kilichofungwa. Reli za pembeni usizikaribie kabisa: reli ikishushwa, inaenda na mkono wa mtu. Onyo hili linahusu pia pingu za mahabusu anapoletwa wadini na askari. Waelezeni askari kwa upole, na muwe mmeshawaandalia mahali salama pa kufungia.

Angalia pia mapengo. Mwongozo wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, wa mwaka 2006 unataka nafasi ndani ya reli, na kati ya reli na godoro, iwe chini ya milimita 120, ili kichwa kisipenye kikanasa. Kishikio chako kikilisukuma godoro upande mmoja, umeongeza pengo upande wa pili. Pima baada ya kufunga, tena godoro likiwa na mtu juu yake.

Mkanda wa kiuno peke yake ni hatari, maana mgonjwa akiteleza kuelekea miguuni, au nusu ya mwili ikashuka pembeni, ule uliokuwa kiunoni unafika kifuani. Weka sehemu mbili zaidi, kushoto na kulia, za mikanda ya kumzuia asigeuke. Na upana wa tundu ulingane na upana wa mkanda, kwa kuzidi kidogo tu. Mkanda ukipita kwenye tundu jembamba unajikunja kuwa kamba, na kamba hukata nyama.

Mtaombwa mara nyingi kuweka pete ukutani. Kataeni, na muwe na sababu mkononi. Moto ukizuka, kitanda kinasukumwa nje na mgonjwa juu yake, lakini aliyefungwa ukutani anabaki. Isitoshe, majengo mengi ya zamani mjini kwetu yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na jiwe hilo lina matundu ndani. Bolti ya kujipanua inalisaga badala ya kulishika: siku ya kwanza inaonekana imara, na baada ya kuvutwa mara kwa mara inatoka na unga wake. Fanyeni hesabu pia. Pete imetokeza sentimita 10, inavutwa chini kwa uzito wa kilo 100, na bolti ya juu iko sentimita 5 juu ya ukingo wa chini wa sahani. Bolti hiyo inang'olewa kwa nguvu ya kilo 200. Kwa kitu kingine cha lazima, kama kishikio cha ukuta wa bafuni, pitisha bolti hadi upande wa pili wa ukuta na uweke sahani nyuma.

Kuna jambo zito zaidi. Pete inayoweza kumshika mtu anayepigana nayo inaweza pia kutumiwa na mtu anayetaka kujitoa uhai, na wadi ya afya ya akili ina watu wa aina zote mbili. Sehemu hizi zinadai mambo yanayopingana: penye mkanda chuma kishike, na kwingineko kote, kuanzia reli ya pazia hadi ndoano ya nguo, kiachie kwa mzigo mdogo au kisiwe na mahali pa kufungia kitu. Njia ninayoiamini ni kishikio kinachochomolewa na kuondoka pamoja na mkanda, kikarudi kabatini kwa hesabu. Kinachobaki kitandani kiwe tundu lililolala sawa na fremu, chini ya godoro. Na msidhani hatari iko juu tu. Kagueni kuanzia sakafuni.

Kuhusu chuma, bahari iko hapa, haina mjadala. Chuma cha pua cha gredi 304 huanza madoa mapema. Chukua 316, yenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3. Hata hiyo, Jik (dawa ya klorini ya kusafishia) ikiachwa juu yake bila kusuuzwa huitoboa vishimo vidogo, na ufa huanzia humo. Usitumie diski ya grinda iliyokwisha kukata chuma cha kawaida, na ile rangi ya buluu pembeni mwa weldi isafishwe yote. Kingo ziviringwe hadi kidole kipite bila kukwaruzwa.

Kama kitanda kina sehemu za kufungia alizoweka mtengenezaji, zitumie hizo. Usitoboe bomba la fremu. Utalidhoofisha, na ukungu na uchafu vitaingia ndani.

Kabla ya kukabidhi, vuta kwa pembeni na kwa kushtua, maana mtu aliyefungwa havuti taratibu kwa mstari ulionyooka. Andika namba ya kitanda na tarehe kwenye daftari la wadi, na urudi kukagua baada ya kila tukio la nguvu, hata kama hakuna aliyelalamika. Ukiona ufa, nati iliyolegea au bizimu linalosita, kitoe siku hiyo hiyo chote, upande wa kushoto na wa kulia, na umwambie muuguzi msimamizi ana kwa ana kabla hujatoka wadini, ili zamu ya usiku isije ikategemea kifaa ambacho hakipo.