Bustani ya mafuta ya ngozi juu ya jiwe

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimepanga mlimani Igogo, Mwanza. Ua ni jiwe tupu, isipokuwa kipande cha mita mbili kwa tatu. Nataka kupanda maua na majani ya kutengenezea mafuta ya kujipaka. Nililoweka maua ya kalendula kwenye mafuta ya alizeti, wiki ya pili yakaota ukungu. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa ni maji. Ua lenye unyevu likizamishwa kwenye mafuta huoza tu. Mimi huanika kivulini, kwenye ungo wangu wa kupepetea mchele, juu ya kabati, wiki nzima. Na usidanganywe na petali! Minya kitovu cha ua; kikibonyea, rudisha kwenye ungo.

Jiwe lisikukatishe tamaa. Mshubiri unalipenda hilo joto, uweke hapo kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Kalendula ipe jua la asubuhi pekee. Hicho kipande cha udongo gawanya kati ya mchaichai, ambao hutanuka bila aibu, na rosela. Ipande mvua za vuli zikianza, Oktoba au Novemba.

Ukikata jani la mshubiri, lisimamishe kwenye kikombe mpaka utomvu wa manjano utoke. Huo huwasha, niulize mimi na shingo yangu. Limau achana nalo: ukilipaka ukatoka juani, linababua. Kila mafuta mapya jaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri mpaka kesho yake.