Mnaoanza digrii ya ualimu hapa Dodoma, anzeni na mtoto asiyejua kusoma

Wadogo zangu mnaoripoti chuo mwaka huu, mbukwenyi, ndo salamu ya Kigogo hiyo. Najua saivi akili yote iko kwenye kupata chumba Ng'ong'ona kule jirani na chuo, kusajili kozi na kusubiri boom lisome, yaani hela ya mkopo iingie, na hayo ni ya muhimu wala siyapuuzi, ila kuna kitu mimi nimekuja kukijua nikiwa tayari nimesimama mbele ya darasa na watoto wananiangalia, na ningekijua mwaka wa kwanza ile miaka mitatu ningeisoma tofauti kabisa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, huu mwaka wa tano, kijijini huku wilaya ya Chamwino. Digrii ya elimu nimesoma hapahapa Dodoma. Naingia chuo nilijua naenda kuwa mwalimu wa sekondari, na wenzangu wengi hivyohivyo, maana tumekua tukijua cheti na stashahada ndo wa msingi na digrii ni sekondari. Siku hizi hamna hiyo. Mtu wa digrii anapangiwa msingi, cheo chako ni kilekile Daraja la III C, unaanza na ngazi ya mshahara ya TGTS D, lakini mbele yako yuko mtoto wa miaka sita au saba ambaye hajawahi kushika penseli. Na hii elimu ya msingi yenyewe inabadilika, mtaala mpya umeanza Januari 2024, watoto waliokuwa la tatu mwaka ule wanamaliza darasa la sita 2027 pamoja na wale wa la saba, afu sekondari ya miaka minne nayo inakuwa ya lazima. Kwa hiyo ukiwa chuo usijiambie "mimi wa wakubwa tu", jiandae kwa mtoto wa umri wowote.

Sasa nisikilizeni hii.

TP yangu ya kwanza, yale mazoezi ya kufundisha shuleni, ilikuwa mwezi wa saba, shule zimetoka kufunguliwa, nikapewa Kiswahili darasa la nne. Andalio la somo nililiandika usiku kucha, umahiri mkuu, umahiri mahususi, hatua za somo, dakika zimepangwa, zana nimechora kwenye manila na makapeni ya rangi nne. Somo lilikuwa ufahamu. Nikawagawa makundi, kila kundi lisome habari kwenye kitabu afu lijibu maswali. Nikawa nazunguka. Kuna mtoto mmoja wa kiume alikuwa anasoma kwa sauti vizuri kabisa, hakwami popote, nikafurahi, nikasogea nyuma yake nimsikilize, ndo naona kitabu alichoshika kimefunguliwa ukurasa mwingine. Alikuwa anarudia kile mwenzake wa pembeni anachosoma, anamfata kwa nyuma kidogo tu. Nikamwonyesha neno moja, mvua. Akaniangalia. Nikamwonyesha lingine fupi, baba. Akasema "be... a... be... a..." akaishia hapo.

Darasa la nne wadogo zangu, na mwezi wa kumi wana Upimaji wa Kitaifa. Na hakuwa peke yake, nilipoanza kuwaita mmojammoja nikawapata kumi na saba.

Mimi nilikuwa na mwaka mzima wa chuo kichwani, nimesoma falsafa ya elimu, saikolojia, historia ya elimu toka ukoloni mpaka Elimu ya Kujitegemea ya 1967, na sikujua nimfanyie nini yule mtoto. Sijui hata nianzie wapi. Mimi mwenyewe sikumbuki nilivyojifunza kusoma, nyie mnakumbuka? Kwa hiyo nilikuwa naona kusoma ni kitu ambacho mtu anakuja nacho tu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa darasa la kwanza, mwalimu wa cheti, wale wa Grade A wa zamani, amebakiza miaka michache astaafu. Nikamfuata nikamwambia mama shikamoo, nina shida moja mbili tatu. Akaniambia mwanangu njoo saa nane watoto wa la kwanza wakishatoka, uje na hao wako. Tukakaa chini ya mti. Kitu cha kwanza akanirekebisha mimi kabla ya watoto, akasema herufi ina jina na ina sauti, wewe unamwambia mtoto "be" ndo maana akiunganisha be na a anapata "bea", baba ataipata wapi? Mpe sauti. Midomo inafunga, inaachia, b, afu a, ba. Ni kitu kidogo sana hicho lakini ndicho kilikuwa kimewafunga wale watoto miaka mitatu.

Afu mpangilio wake. Anaanza irabu tano mpaka zikae, wiki nzima kama inabidi. Kisha hachukui konsonanti kwa kufata alfabeti, anachukua zile zinazompa mtoto neno haraka, m, b, k, l, t, ili siku hiyohiyo mtoto asome mama, kaka, lala, kata, aone kwamba kusoma kunatoa kitu chenye maana. Anachanganya silabi kwenye vikadi alivyokata maboksi ya sabuni, mtoto anapanga mwenyewe. Ndo baadae zinakuja zile pacha, mb, nd, ny, sh, ch, mwisho kabisa mbw na nyw. Na kila siku lazima waandike walichosoma, hata kwa kijiti mchangani, kwa sababu mkono nao unakumbuka.

Ile ng' ya ng'ombe wengi wanaiogopa kuifundisha lakini huku kwetu watoto wanayo mdomoni tayari, wametokea kwenye vijiji vyenye majina ya sauti hiyohiyo, we unawaonyesha tu kakibano kale ka juu (') wanakuelewa. Shida inakuja kwingine. Mtoto wa Kigogo nyumbani mtu anaitwa munhu, akija shule anaandika hivyohivyo, na mwalimu asiyejua anamchapa au anamwekea alama nyekundu ya kosa kana kwamba hana akili. Ana akili, anaandika anachokisikia, na hiyo ni hatua kubwa, kwamba sauti anaiweka kwenye maandishi. Mwambie "nyumbani munhu, hapa tunaandika mtu", basi. Kama hujui Kigogo jifunze hata maneno hamsini, hautakufa, na wazazi watakupenda.

Wiki nane za TP zilivyoisha, kwenye wale kumi na saba kumi na mmoja walikuwa wanasoma sentensi fupi. Yule wa kitabu cha ukurasa mwingine alikuwa bado anakwama kwenye pacha, na mpaka leo huwa namuwaza, maana niliondoka kabla sijamaliza naye.

Msinielewe vibaya kwamba chuo hakina kazi. Kina kazi kubwa, shida ni tunavyokisoma. Tunapiga msuli kwenye vimbweta wiki mbili kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, tunakariri desa, yaani noti za kurithi, la miaka mitatu nyuma, tunaandika Piaget na Vygotsky, wale wanasaikolojia wa watoto, wote walizaliwa 1896, tunapata B+, kesho yake tumesahau. Sasa mimi nilivyorudi mwaka wa pili nikawa nasoma kitu kilekile nikiwa na sura za watoto kichwani. Piaget anasema mtoto wa miaka kama 7 mpaka 11 anafikiri vizuri akiwa na vitu halisi mbele yake, sawa, hiyo kwangu leo ni mbegu za ubuyu. Huku ubuyu hauna gharama, watoto wenyewe wanaleta mbegu kwenye mfuko, na vijiti tumefunga kumikumi kwa raba. Mtoto anayeshindwa 32 kutoa 17 ubaoni mpe mafungu matatu ya vijiti na vijiti viwili, mwambie atoe saba, ataona haiwezekani, atafungua fungu moja yeye mwenyewe bila kuambiwa neno "kukopa". Hapo ndo unaelewa yule mzungu alikuwa anaongelea nini. Na Vygotsky anaposema kuna kitu mtoto hakiwezi peke yake ila akisaidiwa kidogo anakiweza, mimi nina watoto 104 kwenye chumba kimoja wakati kiwango cha serikali ni 45 kwa darasa, siwezi kumsaidia kila mtu, kwa hiyo nina viongozi wa makundi kumi na mbili, hao nawafundisha dakika kumi asubuhi kabla ya kujipanga mstarini, wao wanaenda kusaidia wenzao. Kwa hiyo mkiwa lekcha ulizeni maswali ya namna hiyo, mwalimu hii nadharia nikiwa na watoto mia na madawati ishirini naifanyaje. Walimu wa chuo wanapenda maswali hayo, wengi wao wamefundisha shule kabla.

Kitu kingine ambacho hakuna atakayekwambia ni lugha. Chuoni kila kitu Kiingereza, noti Kiingereza, mtihani Kiingereza, afu unaenda shule ya msingi ya serikali kufundisha Kiswahili mwanzo mwisho. Unaona rahisi eti, Kiswahili si lugha yetu. Haya simama ufundishe sehemu kwenye Hisabati, ile namba ya juu inaitwaje? Kiasi. Ya chini? Asili. Mzingo na eneo unavitofautisha? Namba tasa, kipeuo cha pili, usanisinuru? Na kuna kigawe na kigawo, hapo nimeona walimu wa digrii kabisa wanawachanganya watoto, KDS ni Kigawe Kidogo cha Shirika, KKS ni Kigawo Kikubwa cha Shirika, ukivikosea wewe darasa zima limekosea. Mimi nilinunua daftari, kila kozi nikisoma kitu cha Kiingereza naandika pembeni nitakisemaje kwa mtoto. Vitabu vya kiada vya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, viko bure kwenye maktaba mtandao yao, pakueni cha kila darasa toka la kwanza mpaka la saba msome kama mnavyosoma madesa, mtu wa mwaka wa tatu ambaye hajawahi kufungua kitabu cha darasa la pili mimi simwelewi anasomea nini.

Kuhusu GPA, ule wastani wako wa alama, upper second, daraja la pili la juu, inaanzia 3.5, ipiganieni, usidisco yaani usifukuzwe kwa kufeli, usibebe masomo uliyofeli, hayo mtaambiwa na kila mtu. Ajira zenyewe ni za kuomba Ajira Portal na usaili juu, tena mnakuwa wengi kweli, kwa hiyo ukimaliza usikae nyumbani, omba kujitolea.

Ila hili la mahudhurio nataka nikae nalo kidogo. Huku Dodoma mvua ni msimu mmoja, inaanza kama Desemba mpaka Aprili, na maisha ya mtoto yanafata mvua. Mtama na uwele vikianza kukomaa ndege wanashuka, kwelea kwelea, na anayekaa shambani kuamia ndege toka alfajiri ni mtoto. Kiangazi maji na malisho yanakuwa mbali, anayeenda na ng'ombe ni mtoto. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa naandika kwenye rejesta "mtoro, mtoro, mtoro" na nikiwaona nawaadhibu. Siku moja nikafika kwa mzazi mmoja, bibi analea wajukuu wanne, shamba la ekari moja na nusu ndo chakula cha mwaka mzima, akaniuliza kwa upole tu, mwalimu, ndege wakimaliza mtama hawa nitawalisha nini? Sikuwa na jibu. Tulichofanya tukakaa mimi na yeye tukakubaliana, wale wakubwa wawili wapokezane, leo huyu kesho yule, na anayebaki shambani jioni anapita kwangu nusu saa. Haikuwa suluhisho kamili, ila wote wawili wamesoma mpaka mwisho. Hii kozi ya sosholojia ya elimu mtaisoma, msiione ya kujaza krediti.

Kwa wale wa mjini ambao hamjawahi kuishi kijijini, TP ombeni kijijini angalau mara moja. Nendeni na sweta, mwezi wa saba asubuhi Dodoma kuna baridi na upepo wenye vumbi, na ndoo ya maji yenye mfuniko. Mkifika salimieni wazee, mbukwenyi inafungua milango mingi.

Na usisubiri TP. Pale jirani na chuo kuna shule za msingi, Ijumaa mchana wengi hamna vipindi. Nenda ofisi ya idara uombe barua ya utambulisho, barua ipeleke kwa mwalimu mkuu mwenyewe usimwachie mtu mapokezi, mwambie mimi ni wa mwaka wa kwanza, sijaja kukagua wala kufanya utafiti, naomba kukaa nyuma ya darasa la kwanza mara moja kwa wiki nimwangalie mwalimu anavyofundisha kusoma, na kama kuna watoto waliobaki nyuma nipo tayari kukaa nao watano baada ya vipindi. Vikadi vya silabi uwe umeshakata, vya irabu tano na vya m, b, k, l, t. Siku ya kwanza usifundishe. Kaa, sikiliza anavyotamka b.