Kiwanja cha mteremko: pesa zinaishia chini ya jamvi

SWALI: Nina kiwanja Uyole, Mbeya, kinachoteremka. Nataka nyumba ya mita 10 kwa 9. Fundi amenitajia jumla moja tu, kwa kuangalia idadi ya vyumba. Nitajuaje kama inatosha?

JIBU: Usianze kazi kwa jumla hiyo. Vyumba havisemi lolote kuhusu ardhi, na kwenye mteremko ardhi ndiyo inayokula pesa.

Vuta kamba kutoka upande wa juu hadi wa chini, uisawazishe kwa mpira wa maji, kisha pima kimo kutoka kamba hadi ardhini. Tuseme upande wa chini umepata mita 1.2. Upande wa juu ni sifuri, hivyo wastani wa kujaza ni mita 0.6, kwa hiyo 10 × 9 × 0.6 ni mita za ujazo 54. Kifusi kikishindiliwa hunywea. Ongeza robo, upate 67.5.

Sasa muuzaji atakuambia bei ya tripu, na tripu si kipimo. Pima bodi la tipa lenyewe: urefu mita 3.6, upana 2, kina 0.6 ni mita za ujazo 4.3 tu, hivyo hizo 67.5 ni tripu 16. Upande huo wa chini unahitaji pia ukuta wa msingi mnene, wa mawe au tofali za kulaza. Tofali za inchi 6 zilizosimamishwa hadi mita moja na zaidi husukumwa na kifusi, hasa kikilowa, ukuta ukatoka tumbo na kupasuka. Kazi hii yote mara nyingi haimo kwenye bei ya fundi.

Jamvi, yaani sakafu ya zege, la sentimita 10 ni zege mita za ujazo 9. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) utahitaji saruji mifuko 57, mchanga mita za ujazo 4, kokoto 8. Kwa upotevu nunua mifuko 60. Simamia vipimo: mfuko mmoja, mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba. Kupima kwa koleo ndiko kunakoharibu hesabu na zege pia.

Kuta: urefu wote, za ndani na nje, zidisha kwa kimo, toa milango na madirisha. Tofali za saruji za inchi 6 ni 10 kwa mita ya mraba, za kuvunjika zikiwemo. Za kuchoma hazina saizi moja, kila tanuru na kibao chake cha kufyatulia. Panga mita moja ya mraba ukiacha nafasi ya udongo, uhesabu.

Nondo za lenta, boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, zipime kwa mizani. Ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na kilo 10.6 hivi. Ikiwa nyepesi sana, ni nyembamba kuliko ulicholipia.

SWALI: Dharura niweke kiasi gani? Niko Iringa.

JIBU: Asilimia 10 ya gharama yote, mteremko ukiwepo, 15. Na mchanga, mawe na kokoto viwe kiwanjani kabla ya Novemba. Mvua zikianza, tipa haipandi barabara ya tope, na utalipa vibarua wa kubeba tena kutoka barabara kuu.