Maswali ya wasomaji: Ukikutana na mkubwa wako, wote mko sivile (bila sare)

Jambo yenu. Mimi ni koplo hapa Lubumbashi. Jumapili nilikuwa soko la Kenya, hapa hapa mjini, nimevaa jinzi na sandali, mfuko wa unga begani. Nikaonana na meja wetu katika shati la kitenge, yuko na watoto wake. Nikaweka unga chini, nikapiga saluti. Alinikazia macho, akapita bila neno. Kosa langu ni nini?

Nia yako ilikuwa sawa, mkono ndio ulikosea. Jeshi letu la Kongo lilirithi desturi za Wabelgiji tangu wakati wa Force Publique, jeshi la wakoloni, na katika desturi hizo, kama kwa Wafaransa, saluti ya mkono inakwenda na sare na kofia yake. Hata mwenye sare, akiwa kichwa wazi, husimama wima na kuinamisha kichwa kidogo, mkono ukibaki ubavuni. Sasa wewe, jinzi na sandali! Wengi hudanganywa na filamu za Marekani, ambako askari wa nchi kavu huonekana akipiga saluti bila kofia. Lakini hata huko, kanuni za jeshi la nchi kavu hazimlazimishi mtu kupiga saluti ikiwa mmoja wa wawili hao yuko sivile, na jeshi la majini halipigi saluti kichwa wazi.

Cha kufanya ni hiki. Akiwa hatua tano au sita mbele yako, toa mikono mfukoni, ondoa sigara mdomoni na vidude vya muziki masikioni. Kama una kapelo, ivue. Nyoosha mgongo, mtazame usoni, inamisha kichwa mara moja, na umsalimie kwa sauti ya kawaida: «Jambo, mon major.» Mkono wa kusalimiana anautoa yeye kwanza, asipoutoa, usiutafute. Ukiwa umeketi, simama. Ukiwa na mzigo begani, usiushushe, kichwa kinatosha. Ukiwa kwenye pikipiki, usiachie usukani kwa sababu ya heshima.

Kuna jambo la pili ambalo huenda ndilo lililomuudhi. Saluti katikati ya soko inawatangazia wauza nyanya wote kwamba huyu ni ofisa, na wale ni watoto wake. Mtu aliyevaa kitenge siku ya Jumapili labda hataki kujulikana. Ukiona amegeuza macho, mwache apite. Hapo kunyamaza ndiyo heshima. Usimwite kwa cheo kutoka ng'ambo ya barabara, wala ndani ya teksibasi iliyojaa watu. Na habari za kambi, mishahara au ruhusa uliyoomba zingojee Jumatatu.

Mume wangu ni luteni. Tumealikwa kwenye ndoa ambako kamanda wake, koloneli, atakuwepo na mke wake, na pia kuna kapiteni mwanamke. Niwaite namna gani? Mume wangu ananiambia niseme «mon», lile neno la Kifaransa linalotangulia cheo, kwa wote.

Mama, wewe huna cheo, na mke wa kamanda pia hana. Cheo cha mume hakivaliwi na mke, hata kama kuna wake wanaokitembeza mjini kama mkoba. Yeye mwite Mama, pamoja na jina lake, kama unavyomwita mama yeyote wa heshima. Kamanda unaweza kumwita «Colonel» bila «mon», maana «mon» ni ya wanajeshi wenyewe kwa wenyewe.

Mume wako ndiye atasema «mon colonel», na atasema hivyo hivyo kwa luteni-koloneli. Katika mazungumzo hiyo nusu ya kwanza huachwa. Kwa kapiteni mwanamke, kawaida ya Kifaransa ni cheo peke yake: «Capitaine». Asijaribu «ma capitaine».

Na «afande» je? Neno hilo lina asili ya Kituruki, lilizoeleka katika majeshi ya Afrika Mashariki, na kwetu lilivuma na vita vya 1996 na 1997. Si tusi hata kidogo. Ila kama mume wako hajui mkubwa wake anapenda lipi, atumie cheo.

Niko zamu getini, nimevaa sare na bere. Anakuja mtu na suti, anasema yeye ni koloneli, anakasirika kwa sababu sikumpigia saluti. Nifanyeje?

Kitambulisho kwanza, saluti baadaye. Suti haina nyota. Msalimie kwa adabu, simama wima, mwombe kadi ya huduma, linganisha picha na uso, angalia cheo na jina. Ukishahakikisha, rudisha kadi, rudi hatua moja, piga saluti kamili, kwa sababu wewe una sare na kofia. Yeye atajibu kwa kichwa. Kama unamfahamu tayari, saluti inatangulia, lakini ikiwa agizo la geti linasema kila mtu aonyeshe kadi, ataionyesha.

Mlinzi anayeogopa hasira ndiye anayetafutwa na matapeli: suti nzuri, sauti kubwa, cheo kikubwa, na mlango unafunguka. Asipotoa kadi, usibishane naye wala usimguse. Mwite mkuu wa zamu aje amkabili yeye.

Mkubwa wangu akiwa kwenye nganda (baa), bila sare, ananituma bia. Je, hiyo ni amri?

Cheo hakivuliwi pamoja na shati. Akikuambia rudi kambini mara moja, kuna alati (tahadhari), weka chupa chini uende. Bia si kazi ya jeshi. Unaweza kumletea kwa ukarimu, kama ambavyo ungemletea kaka yako, au ukakataa kwa upole: «Samahani, mon capitaine, ninaondoka sasa.» Kinachowaponza vijana ni jibu la ulevi. Kanuni ya adhabu ya kijeshi, sheria namba 024/2002 ya tarehe 18 Novemba 2002, inaadhibu kumtukana mkubwa, na kusema «sisi wote tulikuwa sivile» ni utetezi dhaifu mno mbele ya oditora, mwendesha mashtaka wa jeshi. Meza ikianza kuchemka, lipa chako na uondoke kabla yake, baada ya kumuaga.

Bendera ikipandishwa nami napita sivile?

Filimbi ikilia, simama ulipo, geukia bendera, vua kofia, mikono ubavuni, simu mfukoni. Pikipiki izimwe. Usitembee mpaka filimbi ya pili.