Lengai ulinitoa jasho kuliko Kilimanjaro

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Mlima gani umekutoa jasho kuliko yote?" Nimeshafika kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, mita 5,895, lakini jibu langu ni Ol Doinyo Lengai, volkano hai ya kaskazini mwa Tanzania, wenye mita 2,962, nusu tu ya ule mwingine.

Kilimanjaro unakupa muda. Kwa njia ya Marangu unalala Mandara, kesho yake Horombo, mwili unazoea taratibu, na mzigo wako wamebeba wapagazi. Lengai ni usiku mmoja. Gari lilitutoa Engare Sero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron, likatushusha chini ya mlima saa sita usiku. Mchana haupandiki kirahisi: hakuna mti wa kujikinga jua, hakuna maji popote. Aliyetuongoza alikuwa kijana wa Kimaasai, miguuni makatambuga. Njia yenyewe ni majivu ya volkano yaliyoshikamana, mvua imeyachimba makorongo, na juu yake changarawe zinabiringika ukizigusa. Karibu na kilele niliacha fimbo nikapanda kwa mikono na magoti.

Juu kulinuka kiberiti na ardhi ilikuwa na joto. Kabla ya mlipuko wa 2007 watu walikuwa wakitembea ndani ya kreta, yaani bakuli la kileleni. Sasa ni shimo refu, na ukingo wake hauaminiki hata kidogo. Lava ya mlima huu haina mfano duniani: hutoka nyeusi, nyepesi kama uji, kwenye nyuzi joto 500 hadi 600 hivi, nusu ya joto la lava ya kawaida, kisha hugeuka nyeupe ikikutana na unyevu wa hewa. Jua lilipochomoza, kivuli cha mlima kikalala upande wa magharibi mpaka kwenye kuta za Bonde la Ufa. Yule kijana alisimama kando, kimya. Kwa Wamaasai huu ni Mlima wa Mungu, nasi tukanyamaza pamoja naye.

Basi, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Usiku giza lilinificha mwinamo. Asubuhi niliuona wote chini ya miguu yangu, na magoti yakaanza kutetemeka. "Mama, usitazame kule," yule kijana akaniambia. "Geuka uutazame mlima, ushuke kama ngazi." Palipozidi nilikaa nikajiburuta, yeye akitangulia na kuniwekea mguu wake mahali pa kukanyaga. Kwa saa nne nzima hakunihimiza hata mara moja.

Anayetaka kwenda, namsihi achukue kiongozi wa Engare Sero na maji zaidi ya anayodhani yanatosha. Lita zangu tatu ziliisha saa mbili asubuhi, gari likionekana chini dogo kama punje. Maji niliyokunywa kuanzia hapo yalikuwa ya yule kijana.

Msomaji wenu, Arusha