Mistari miwili ikitokea, usikimbilie kutupa dawa

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja wa Malindi, ana Crohn kama mimi, ule ugonjwa wa kudumu wa uvimbe wa utumbo, amepima mimba akaona mistari miwili na kitu cha kwanza alichofanya ni kuzitia dawa zake zote kwenye mfuko wa taka. Baadaye ndio ananiuliza, "Dada, nimefanya sawa? Naogopa isije ikaharibika." Nimemjibu pale pale kwamba asubuhi arudi kwa daktari wake na majina ya dawa zote mkononi, lakini usingizi wenyewe ulishaniruka, kwa hivyo leo naandika na nyinyi wengine msome, maana najua humu mko wengi mnaotaka kuitwa mama na matumbo yenu hayawapi raha.

Mimi mwenyewe sikuzitupa. Niliambiwa nitupe. Nilikuwa nimeshazoea azathioprini yangu, dawa inayoituliza Crohn, tumbo limetulia (ile miaka ya kutibiwa TB ya matumbo ambayo haikuwa TB nairuka, wenzangu wa Crohn huku kwetu mnaijua hadithi hiyo), nikaenda kliniki ya wajawazito nimejaa furaha, nikatoa pakiti ya dawa nimuoneshe mhudumu. Akasoma karatasi ya ndani, akanitazama kama niliyetoka kuua mtu, akaniambia mbele ya foleni nzima, "Wewe wataka kuzaa kilema?" Basi nikaacha. Nani asingeacha? Kituo sikitaji na yule mtu simtaji, lakini sauti yake naisikia mpaka leo, nisameheni.

Haukupita muda mrefu tumbo likaanza kusokota, nikawa kila saa niko chooni, sishibi, silali. Na hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu hili halisemwi: ukiwa na Crohn na mimba kwa pamoja, damu ikitoka hujui inatokea wapi. Mimi nilikaa chooni kwetu Mkomani, Lamu, naangalia maji yamekuwa mekundu, najiambia ni utumbo tu, nimeshayaona haya, maumivu yenyewe yako chini ya kitovu kama siku zote. Mpaka nilipovaa pedi nikaona inajaa na sijaenda haja ndio nikamwita mume wangu. Kwa hivyo dada zangu, vaa pedi, uangalie, na hata ukiona ni ya utumbo nenda tu hospitali, usijipime kwa macho usiku wa manane.

Mimba ilikuwa imetoka. Nikasafishwa, nikarudi nyumbani. Mavyaa akasema, "Ni mato ya watu hayo," yaani jicho la hasidi, nikaletewa kombe la zafarani, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, nikanywa, na sina ubaya na kombe wala na mavyaa wangu, alilia kuliko mimi. Ila kombe halikuwa linateremsha uvimbe wa utumbo, na uvimbe ndio uliokuwa unanila.

Jibu nililipata Mombasa kwa daktari wa matumbo. Mnaijua safari ya Mombasa kwa mgonjwa wa kuharisha, boti mpaka Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, vizuizi vya askari, na wewe umebana miguu unamuomba Mungu dereva asimame. Mimi hukaa kiti cha mbele na leso ya akiba kwenye mkoba, na dereva namwambia kabla hatujang'oa, aibu niliimaliza zamani. Daktari akaniambia hakuna anayeweza kuapa kuwa kuacha dawa ndiko kulikotoa mimba ile, maana hata kwa wanawake wasio na ugonjwa, katika mimba 100 zilizojulikana kama 10 mpaka 20 hutoka, na nyingi zinazotoka mapema ni kwa sababu ya kasoro za kromosomu, yaani vinasaba vya mtoto, si kwa kosa la mama. Lakini akasema pia kwamba Crohn iliyochachamaa ndiyo inayozidisha hatari ya mimba kutoka, na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo. Ikiwa imelala, bahati yako inakaribia kuwa sawa na ya wenzio. Ndio maana wanataka itulie kwanza miezi 3 mpaka 6 kabla ya kubeba. Mume wangu ni mtu wa bahari, yeye alielewa haraka: kumbe ni kungoja shwari ndio utweke tanga.

Dawa sasa. Azathioprini na mesalazini kwa kawaida wanawake wengi huendelea nazo. Steroidi hutumika ugonjwa ukiamka. METHOTREKSATI, dawa nyingine ya Crohn, HAPANA, hiyo inaharibu mtoto kweli, na inaachwa angalau miezi 3 kabla hata ya kujaribu, kwa hivyo kama uko nayo na umeshika mimba nenda leo hii. Asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku anza kabla ya kubeba, na wanaotumia salfasalazini wanahitaji zaidi, ulizeni. Maumivu ya mgongo usijipoze na diklofenaki ya duka la jirani, inaweza kuliamsha tumbo. Sigara, wewe au mume, acheni. Mengine ni yale yale, usiache dawa bila kuuliza, narudia, USIACHE BILA KUULIZA.

Kipindi cha kungoja hakina cha kusimulia, ni vidonge na vipimo vya damu. Mimba ya pili ikaja, ikanikuta Ramadhani. Sikufunga. Mgonjwa ana ruhusa, mjamzito ana ruhusa, na mimi nilikuwa vyote viwili, ila wambie wifi zangu! Nilikuwa nakula uji wangu mchana jikoni, wao wanapita wanaguna, na jioni wakikaanga viazi vya karai nanyamaza sili, wananiita mwenye madeko. Nikawaambia nyinyi mnataka shangwe za arubaini au mnataka maneno? Wanawake tuache kuchungana midomo jamani, mtu akisema tumbo halitaki, halitaki. Na nyinyi wanaume msikae barazani mnasubiri kuitwa kuambiwa ni mvulana, mpelekeni mke kliniki mkae naye ndani, mhudumu hamfokei mtu mwenye shahidi.

Kijana wangu huyu hapa ananivuta simu, alizaliwa kwa njia ya kawaida, mzima, kelele tupu.

Jambo moja kwa wale mnaodungwa infliximabu au adalimumabu, zile sindano za Crohn. Hapa kwetu Kenya mtoto hupigwa BCG, chanjo ya TB, akizaliwa tu, na hiyo ni chanjo hai, yaani ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Dawa zile hupita kwa mtoto ukiwa mjamzito, kwa hivyo wa kwenu asipigwe mpaka daktari aruhusu, kawaida ni baada ya miezi 6 au zaidi. Mwenzangu mmoja alibishana na nesi wodini akiwa bado anatetemeka kwa uzazi. Mwambie daktari aandike kwenye kile kitabu cha mama na mtoto mapema, kwa wino mwekundu, na mumeo na mamako wote wajue ukurasa wenyewe, maana siku hiyo wewe hutakuwa na nguvu ya kubishana na mtu.