Maswali ya Wasomaji: Banda GITEX, na Laptopu za Kununua Huko Huko

Barua za safari hii nyingi zinauliza kuhusu GITEX, maonyesho ya kompyuta ya Dubai. Tumechagua nne.

Sisi ni watu wanne, tunatengeneza programu ya stoo na mauzo kwa maduka ya dawa. Tumelipia banda la mita za mraba 9. Tubebe nini kutoka nyumbani na tuagize nini kule? — Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

Kabla ya mizigo, hakikisheni mahali. Tangu 1981 GITEX ilizoeleka Dubai World Trade Centre, na kwa miaka mingi ilikuwa Oktoba. Ya 2026 imepangwa tarehe 7 hadi 11 Desemba, katika Dubai Exhibition Centre, Expo City, mbali kabisa na katikati ya mji. Anayekata hoteli kwa mazoea atalipia teksi kila siku.

Banda la mita 9 ni mita 3 kwa 3: fremu za alumini, paneli nyeupe, ubao wa jina juu, zulia, meza, viti, taa na kwa kawaida soketi moja. Paneli ina upana wa mita 1, lakini sehemu inayoonekana kati ya nguzo mbili ni kama sentimita 95. Mabango yaliyochapwa kwa sentimita 100 kamili hayaingii, na siku ya kupanga banda hakuna wa kuyapunguza. Ombeni mchoro wenye vipimo vya ndani ndipo muende kwa mchapaji. Kuna na jingine: chini ya mita 1 meza na miguu ya watu huficha kila kitu, kwa hiyo jina, kazi ya programu na picha yake vikae juu. Namba ya simu iliyoandikwa karibu na zulia haisomwi na mtu.

Msitoboe paneli wala kutumia gundi isiyobanduka. Uharibifu unaingia kwenye bili yenu. Gundi ya pande mbili inayotoka safi, au ndoano za kuning'iniza kwenye fremu, vinatosha.

Ubao wa jina hujazwa kwa fomu yenye tarehe ya mwisho. Mkichelewa, mara nyingi huchapwa jina lililo kwenye mkataba, yaani lile refu la usajili ambalo mteja hajawahi kulisikia.

Sasa umeme, maana hapa ndipo wengi hukwama. Soketi ya UAE (Falme za Kiarabu, nchi ya Dubai) ni ya pini tatu za mraba kama ya Tanzania na Kenya, volti 230, hivyo adapta hamhitaji. Wanaotoka Kongo, Burundi au Rwanda na plagi za pini za duara wabebe. Lakini soketi kuonekana ya ampea 13 haina maana umeuziwa wati 3,000. Mwongozo wa mwonyeshaji hutaja kikomo, na 500 ni cha kawaida kwa banda dogo. Pigeni hesabu: laptopu nne za wati 65 ni 260, skrini mbili za inchi 43 kwa takriban wati 100 kila moja ni 200. Jumla 460, mmeshafika ukingoni. Akija mwenzenu na birika la wati 2,000, breka inaruka, na kumpata fundi wa ukumbi asubuhi ya kwanza ni shughuli. Jueni pia kuwa umeme wa mabanda huzimwa jioni. Kama mna seva inayotakiwa kuwaka usiku kucha, umeme wa saa 24 ni oda ya pekee.

Skrini kodini kule kule. Mkononi bebeni kebo mbili za HDMI za mita 3 za kuunganisha laptopu na skrini (ya pili ni ya akiba), adapta ya USB-C kwenda HDMI, ekstensheni yenye fyuzi, mkasi, vibanio vya kebo, kalamu ya wino mzito, na nakala ya programu kwenye flashi mbili tofauti. Pawabenki haikai kwenye begi la chini ya ndege. Zidisha mAh iliyoandikwa juu yake kwa 3.7, gawa kwa 1,000, upate Wh, kipimo cha nishati kinachotumiwa na mashirika ya ndege: ya mAh 20,000 inatoa Wh 74, inapita, kwa kuwa mpaka wa kawaida ni Wh 100. UPS (kifaa cha umeme wa akiba) yenye betri zake iacheni nyumbani.

Meza isukumeni ubavuni. Ikikaa mbele, banda linakuwa kaunta na watu wanapita. Wawili wasimame, mmoja aonyeshe programu, wa nne azunguke kumbi kuangalia washindani, kisha mbadilishane. Msiulize "Karibu, nikusaidie nini?" maana jibu ni "Naangalia tu." Ulizeni la kazi: "Una duka moja au matawi? Dawa zinazokaribia kuisha muda unazijuaje?" Mwenye duka la dawa atasimama, asiye nalo ataendelea na safari, na nyote mmeokoa dakika kumi. Nyuma ya kila kadi ya biashara andikeni hapo hapo alichotaka na mlichomuahidi. Ikifika jioni kadi zote zinafanana.

Tukiwa ofisini programu yetu inaruka kama mshale. Kwenye maonyesho ya hapa Nairobi iligoma mbele ya wateja. Intaneti ilikuwa inaonekana imejaa. Kosa ni nini? — Msomaji, Ngara, Nairobi

Alama kujaa inaonyesha nguvu ya mawimbi tu. Haionyeshi kama njia ina nafasi. Kwenye mkanda wa Wi-Fi wa 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ukumbi wenye mamia ya simu zinazorusha hotspot unazigawana hizo tatu, na kila kifaa kinangoja zamu. Rauta yenu mkiiongeza, mnaongeza foleni, na maonyesho mengine yanakataza kabisa kuwasha ya kwenu.

Agizeni laini ya kebo ya mtandao pamoja na banda, si siku ya kufungua, kwa sababu bei hupanda na mafundi huwa hawapatikani. Isipowezekana, tumieni Wi-Fi ya mkanda wa 5 GHz mkiwa karibu na kifaa kinachoirusha. Hata hivyo, dawa yenyewe ni kuweka seva na data za mfano ndani ya laptopu ili onyesho zima liende bila intaneti. Lijaribuni nyumbani mkiwa mmezima Wi-Fi. Hapo ndipo mtagundua kwamba fonti, ramani au ukurasa wa kuingilia bado unavutwa kutoka nje.

Nina duka la laptopu zilizotumika. Nataka kwenda GITEX kutafuta msambazaji badala ya kununua kwa dalali. Nimuulize nini nisiuziwe mbuzi kwenye gunia? — Msomaji, Kariakoo

Elewa kwanza kwamba GITEX si Sabasaba. Hununui ukabeba. Unakutana na mwenye mzigo, unachukua bei, na biashara inafungwa baadaye. Ukitaka kushika mali siku hiyo hiyo, nenda Bur Dubai, Barabara ya Khalid Bin Al Waleed, kwenye majengo ya kompyuta kama Al Ain Centre. Ni busara kwenda huko kabla ya maonyesho, ukiijua bei ya rejareja hakuna atakayekudanganya kwa bei ya jumla.

Swali la kwanza ni kizazi cha prosesa. Huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, kuanzia kizazi cha nane. Ndiyo maana za kizazi cha sita na cha saba zinatolewa kwa bei ya kuvutia. Zinawaka na zinapendeza, ila unanunua mzigo ambao wenzako wanautua. Kama wateja wako ni wa kuandika barua na kuangalia filamu zitauzika. Ofisi inayojali usalama itazirudisha.

"Daraja A" nayo kila muuzaji ana yake. Mwambie aandike kwenye profoma (ankara ya awali): mikwaruzo kiasi gani, skrini haina doa, kibodi ni ya Kiingereza na si ya Kiarabu, chaja ni ya kampuni husika. Kwa betri usikubali neno "nzuri". Fungua dirisha la amri, andika *powercfg /batteryreport*, usome uwezo wa awali na uliobaki. Iliyotoka kiwandani na mWh 50,000 ikabaki na 30,000 imeshuka hadi asilimia 60. Kisha iwashe na uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka. Ikidai nywila, iache. Mashine zilizotoka kwenye makampuni makubwa wakati mwingine bado zimefungwa kwa mwenye zamani, na kufuli hilo hujitokeza pale tu unapounganisha intaneti kuweka Windows upya. Jaribu hivyo kwa mashine tatu nne unazochagua mwenyewe kwenye rundo.

Bei iulizwe pamoja na masharti yake: kutoka ghalani kwake, au imeshafika bandari ya Dar es Salaam? Dirhamu, fedha ya UAE, imefungwa kwa dola: dola moja ni dirhamu 3.6725, kwa hiyo anayekubadilishia kwa 3.5 anakula katikati. Nyumbani, kompyuta za fungu la 8471 (namba ya kundi la bidhaa forodhani) kwa kawaida hazina ushuru wa forodha katika Afrika Mashariki, lakini VAT ipo: 18% Tanzania na Uganda, 16% Kenya. Chaja zinazokuja peke yake ni fungu jingine. Na malipo yaende kwenye akaunti yenye jina lile lile la leseni ya biashara. Ukiambiwa "tuma kwa jina la kaka yangu," funga mazungumzo.

Ninaishi Maskati na nina siku moja tu. Inatosha? — Mwanafunzi, Oman

Inatosha ukiwa na orodha. Chagua mabanda manane kwenye ramani kabla hujatoka nyumbani, anza na ukumbi wa mbali kabisa na mlango, maana asubuhi umati hujazana kwenye kumbi za mwanzo. Epuka mchana wa siku ya mwisho, waonyeshaji huanza kufungasha mapema. Kama unafuata kampuni changa, zina maonyesho yake, Expand North Star, ambayo 2023 hadi 2025 yalifanyika Dubai Harbour, kwa hiyo soma mahali kwenye tiketi. Ujumbe wa WhatsApp unapita UAE lakini kupiga simu kwa WhatsApp kwa kawaida hakupiti, basi panga miadi kwa maandishi. Ukitokea Deira, mtaa wa Dubai, kwa Metro, tenga saa moja na nusu, na usome ubao wa treni: Laini Nyekundu inagawanyika eneo la Jabal Ali, na yako ni ile iliyoandikwa Expo 2020, kituo cha Expo City.